Namba Iliyo Ubavuni mwa Lori: Jinsi ya Kusoma Rekodi za Kampuni za Malori Marekani

Lori lolote la biashara linalovuka kutoka jimbo moja hadi jingine nchini Marekani, likiwa na uzito wa kuanzia pauni 10,001 (kilo 4,536), lazima liandikwe jina la kampuni na namba ya USDOT, kitambulisho cha kampuni kinachotolewa na serikali, pande zote mbili. Kanuni inataka maandishi hayo yasomeke mchana kwa mtu aliyesimama umbali wa futi 50, yaani mita 15 hivi. Namba hiyo ni ufunguo wa faili zima la kampuni: jina lake halali, inakaa wapi, ina magari mangapi, ina bima au haina, magari yake yamezuiwa barabarani mara ngapi, na imehusika katika ajali ngapi kwa miaka miwili iliyopita. Faili hilo liko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya serikali iitwayo SAFER. Hulipi kitu wala hujisajili popote.

Leo Wakongo, Warundi, Wakenya, Wanyarwanda na Wasomali wengi wanaendesha malori Marekani, na anayetafuta kazi huwauliza wenzake kwanza: "Kampuni ile ikoje?" Jibu huwa ni "Wako poa, wanalipa kila Ijumaa." Kulipa kila Ijumaa ni jambo jema, lakini hakukuambii kama breki za trela utakalokabidhiwa zinashika. Hilo utalikuta kwenye faili. Kinachowapoteza watu ni kwamba faili limejaa maneno yanayoonekana kuwa ndugu: kusajiliwa, kuruhusiwa, kuwa na bima, kuwa salama. Kampuni inaweza kuwa na moja kati ya hayo ikakosa mengine yote, na ukurasa wake ukaonekana safi kabisa machoni pa asiyejua kuusoma.

Kusajiliwa ni kimoja, kuruhusiwa ni kingine

Msimamizi wa mambo haya ni FMCSA, mamlaka ya usalama wa magari ya biashara iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Ilianza kazi tarehe 1 Januari 2000. Ndiyo inayotoa namba ya USDOT, na namba hiyo hutolewa bure. Ni kitambulisho tu. Kiwanda cha mikate kinachosambaza mikate yake chenyewe hadi jimbo jirani nacho huwa na namba ya USDOT.

Anayebeba mizigo ya watu wengine kwa malipo anahitaji zaidi ya kitambulisho. Anahitaji ruhusa ya kufanya biashara hiyo, ambayo kwa miaka mingi imetambulika kwa namba ya MC. Hii ni urithi wa Interstate Commerce Commission, tume ya zamani iliyovunjwa mwishoni mwa mwaka 1995. Ada ya maombi ni dola 300, na ruhusa haianzi kufanya kazi mpaka bima iwasilishwe na kampuni itaje wakala wa kuipokelea hati za mahakama katika kila jimbo inamofanyia kazi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu anaingiza namba, anaona hali ya USDOT imeandikwa "ACTIVE", anafunga ukurasa kwa furaha. Neno hilo linamwambia tu kwamba kitambulisho kiko hai. Mstari wa kuutafuta ni ule wa ruhusa ya kazi. Pakiwa pameandikwa "NOT AUTHORIZED" (haijaruhusiwa) na kampuni inataka kukubebea mzigo wako kwa malipo kuvuka jimbo, mazungumzo yaishie hapo. Kuna mizigo michache iliyosamehewa na sheria, hasa mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa, lakini samani zako au kontena la bidhaa haimo kwenye orodha hiyo.

Angalia pia ni ruhusa ya aina gani. Dalali wa mizigo ana ruhusa yake ya peke yake, nayo haimruhusu kuugusa mzigo wenyewe. Kazi yake ni kuunganisha mwenye mzigo na mwenye lori. Tangu Oktoba 2013 dalali hutakiwa kuweka dhamana ya dola 75,000, ili wenye malori wasiolipwa wapate pa kudai. Ukimkuta mtu mwenye ruhusa ya udalali pekee anakuambia "lori langu linakuja kesho", muulize lori hilo lina namba gani.

Taarifa ambazo kampuni imejiandikia yenyewe

Idadi ya malori, idadi ya madereva na maili za mwaka ni taarifa ambazo kampuni huzijaza yenyewe kwenye fomu ya MCS-150. Fomu hiyo hutakiwa kuhuishwa kila baada ya miaka miwili, na ratiba yake imefichwa ndani ya namba ya USDOT. Tarakimu ya mwisho ni mwezi: 1 ni Januari, 2 ni Februari, hivyo hivyo hadi 9 ambayo ni Septemba, na 0 ni Oktoba. Tarakimu ya pili kutoka mwisho ikiwa witiri, kampuni huhuisha katika miaka ya witiri. Ikiwa shufwa, miaka ya shufwa. Kwa hiyo kampuni ambayo namba yake inaishia 47 ilitakiwa kuhuisha taarifa zake kabla Julai 2024 haijaisha, kisha tena kabla Julai 2026 haijaisha. Ukifungua ukurasa ukakuta tarehe ya fomu ni ya miaka minne iliyopita, umeshajua jambo la kwanza kuhusu ofisi hiyo: karatasi zinawashinda. Adhabu ya kutohuisha inaweza kufika dola 1,000 kwa siku, hadi dola 10,000, na namba yenyewe inaweza kuzimwa.

Sasa zilinganishe tarakimu zenyewe. Chukua kampuni ya kubuni yenye malori 12, madereva 11, na maili 310,000 kwa mwaka. Gawanya: kila lori limetembea maili kama 25,800. Lori la masafa marefu kwa kawaida hukaribia maili 100,000 kwa mwaka. Basi ama malori mengi yameegeshwa, ama kampuni hufanya safari fupi za mjini, ama hesabu ni ya zamani. Kama tangazo la kazi linasema "safari za majimbo yote 48, maili nyingi", muulize anayeajiri akueleze tofauti hiyo.

Igeuze: malori 12 hayo hayo, lakini maili milioni 3. Hapo kila lori limetembea maili 250,000. Sheria inamruhusu dereva kuendesha saa 11 tu baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na saa zake zote za kazi zisizidi 70 ndani ya siku 8. Hata akikimbia maili 55 kwa saa bila kupoteza hata dakika moja kwenye kupakia na kushusha, hafiki maili hizo kwa mwaka. Hesabu kama hiyo inawezekana tu kwa madereva wawili wanaopokezana, na kampuni yetu ina madereva 11 kwa malori 12. Mtu ameandika uongo, au ameandika bila kufikiri. Hili si jambo dogo, kwa sababu idadi ya malori na maili ndiyo serikali inayotumia kupima kampuni dhidi ya wenzake. Ukijitangaza mkubwa kuliko ulivyo, makosa yako yanaonekana madogo.

Bima, na kiasi kilichogandishwa

Bima hukaguliwa kwenye ukurasa mwingine, ule wa leseni na bima wa FMCSA. Huko utaona jina la kampuni ya bima, kiasi na tarehe ya kuanza. Angalia kama kuna tarehe ya kufutwa. Kampuni ya bima ikitaka kujitoa lazima iiarifu FMCSA siku 30 kabla, kwa hiyo unaweza kuikuta kampuni ya malori ikiwa na ruhusa kamili leo huku saa ya bima yake ikihesabu kurudi nyuma. Angalia na historia: bima iliyokatika mara tatu ndani ya mwaka mmoja na kurudishwa ina maana kwamba kuna miezi ambayo fedha za kuilipia hazikupatikana, na fedha zikikosekana kwenye bima mara nyingi huwa zimekosekana na kwenye matairi.

Kiwango cha chini cha bima dhidi ya madai ya watu wengine, kwa mizigo ya kawaida, ni dola 750,000. Kwa mafuta ni dola milioni 1, na kwa aina hatari zaidi za kemikali ni dola milioni 5. Msingi wa viwango hivi ni sheria ya mwaka 1980, na hadi leo havijapandishwa. Lori lililojaa hufikia pauni 80,000, tani 36 na ushei. Likiligonga gari dogo lenye familia ndani, gharama za hospitali peke yake zinaweza kuimaliza dola 750,000 kabla majeruhi hajaanza kujifunza kutembea upya. Naliona jambo hili ni aibu kwa nchi tajiri kiasi hiki. Madalali wengi wanalijua, ndiyo maana wao wenyewe hudai kampuni iwe na dola milioni 1 kabla ya kuipa mzigo.

Kuna shimo jingine ambalo wenye mizigo huligundua wakiwa wameshachelewa. Tangu mwaka 2011 serikali haiilazimishi tena kampuni inayobeba mizigo ya kawaida kuwasilisha bima ya mzigo wenyewe; sharti hilo lilibaki kwa wanaohamisha vyombo vya nyumbani. Kwa hiyo usipoiona bima ya mzigo kwenye ukurasa, hiyo haikuambii lolote. Omba cheti chake, na kitoke moja kwa moja kwa wakala wa bima. Cheti cha picha kilichotumwa na dereva kwa simu usikikubali.

Ukaguzi wa barabarani

Madereva waliozoea njia ya Mombasa hadi Kampala, au Dar es Salaam hadi Lubumbashi, wanaijua mizani kama mahali pa kupima uzito. Marekani mizani ni zaidi ya hapo: mara nyingi ndipo wakaguzi wanapoliingiza lori kwenye ukaguzi kamili. Ukaguzi wa ngazi ya kwanza una hatua 37. Mkaguzi hulala chini ya gari, anapima mwendo wa breki, anatazama matairi, usukani, springi, taa, kiungo kinachoshika kichwa na trela, kisha anaikagua leseni ya dereva na saa zake za kazi. Ngazi ya pili mkaguzi huzunguka gari bila kuingia chini yake. Ngazi ya tatu ni ya dereva na karatasi zake peke yake.

Kosa likiwa zito, gari huzuiwa hapo hapo: haliondoki mpaka litengenezwe. Dereva naye anaweza kuzuiwa, mfano akiwa amepitiliza saa, na hapo hukaa mpaka apumzike kama sheria inavyotaka. Kwenye SAFER kuna jedwali linaloonyesha, kwa miezi 24 iliyopita, ukaguzi ulifanywa mara ngapi, mara ngapi gari au dereva alizuiwa, na hiyo ni asilimia ngapi. Chini yake umewekwa wastani wa taifa: kwa magari ni zaidi kidogo ya asilimia 20, kwa madereva ni asilimia 6 au 7.

Turudi kwa kampuni yetu ya kubuni. Magari yake yamekaguliwa mara 14, yamezuiwa mara 6. Hiyo ni karibu asilimia 43, mara mbili ya wastani. Madereva wake wamekaguliwa mara 20, amezuiwa mmoja: asilimia 5, chini ya wastani. Picha inayojitokeza ni ya madereva wanaojua kazi yao ambao wamepewa magari mabovu. Mimi ningekuwa dereva, hiyo ndiyo namba ningeitazama kwanza kabla ya kuuliza senti ngapi kwa maili, kwa sababu magari hayo hayo ndiyo nitakayoingizwa nayo kwenye mteremko wa Colorado mwezi Januari.

Idadi ndogo hudanganya. Kampuni iliyokaguliwa mara tatu ikazuiwa mara moja ina asilimia 33, na asilimia hiyo haina uzito wowote. Kampuni ambayo haijakaguliwa kabisa ina sifuri kila mahali, na wauzaji wa maneno huionyesha sifuri hiyo kama cheti cha usafi. Kampuni hiyo haijapimwa, basi. Kampuni mpya huwekwa chini ya uangalizi kwa miezi 18, na maofisa hutakiwa kuifanyia ukaguzi wa kiusalama ndani ya miezi 12 ya mwanzo. Kabla ya hapo unachokijua kuihusu ni kile ilichojiandikia.

Jedwali la ajali linahitaji utulivu zaidi. Huonyesha ajali zenye kifo, zenye majeruhi aliyepelekwa kutibiwa, au zilizoacha gari likihitaji kukokotwa. Halionyeshi nani alikosea. Lori lililosimama kwenye taa nyekundu likagongwa kwa nyuma na mlevi linaandikwa ajali sawa na lori lililolala juu ya gari dogo. Tangu Mei 2020 kuna utaratibu wa kudumu ambapo kampuni inaweza kuomba ajali za aina fulani zipitiwe upya, mfano kugongwa kwa nyuma au kugongwa na aliyekuja upande usio wake, na ikithibitika kwamba isingeweza kuepukika, matokeo huandikwa kwenye rekodi ya kampuni. Na siku zote ligawanye jedwali hilo kwa ukubwa wa kampuni. Kampuni yenye malori 15,000 itakuwa na mamia ya ajali hata ikiendeshwa kwa uangalifu mkubwa. Ajali tatu kwa malori 12 ni jambo la kuuliza.

Daraja ambalo wengi hawana

Watu huuliza, kwani serikali haitoi alama? Hutoa, kwa madaraja matatu: inaridhisha, ina masharti, hairidhishi. Kampuni ikipewa daraja la mwisho na isijirekebishe, hupigwa marufuku baada ya siku 60, au siku 45 kama inabeba abiria au mizigo hatari. Tatizo ni kwamba daraja hutolewa baada ya maofisa kwenda kuipekua kampuni, na kampuni nyingi hazijawahi kupekuliwa. Kwenye ukurasa utasoma "None", yaani hakuna. Usilichukue kuwa sifa wala lawama. Na daraja likishatolewa haliishi muda wake, kwa hiyo soma tarehe yake: "inaridhisha" ya miaka 12 iliyopita ilitolewa kwa kampuni nyingine kabisa, yenye magari mengine na madereva wengine, iliyobaki na jina lilelile.

Kipimo kinachosogea kila mwezi kipo pia. Mpango uitwao CSA, ulioanza Desemba 2010, hukusanya makosa ya barabarani na ajali katika makundi saba: uendeshaji hatari, ajali, saa za kazi, matengenezo ya gari, dawa za kulevya na pombe, mizigo hatari, na sifa za dereva. Kosa la karibuni huhesabiwa kwa uzito mkubwa kuliko la zamani. La ndani ya miezi sita iliyopita huzidishwa kwa 3, na baada ya miaka miwili linafutika. Kisha kampuni hupangwa dhidi ya wenzake wa ukubwa unaofanana. Lakini Desemba 2015 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya uchukuzi iliyoyaondoa mapangilio hayo machoni pa umma kwa kampuni za mizigo. Wenye kampuni ndogo walilalamika kwamba hesabu zinawaonea, na katika hilo hawakukosea kabisa. Za mabasi zimebaki wazi.

Kilichobaki wazi kwa malori ndicho ninachokiona kuwa na manufaa zaidi kuliko alama yenyewe: orodha ya makosa, moja moja, na tarehe. Isome jinsi fundi anavyosikiliza injini. Ukikuta taa, breki, matairi, taa, breki, ujue gereji ya kampuni hiyo hailipwi au haipo. Ukikuta saa zilizopitilizwa na rekodi za saa zilizoghushiwa, zikijirudia kwa madereva tofauti, ujue kuna dispacha, mpangaji wa safari ofisini, anayewasukuma. Dereva mmoja anaweza kughushi saa kwa uamuzi wake. Wanane wakighushi katika kampuni moja, jambo hilo linatoka ofisini.

Kampuni zinazobadilisha ngozi

Tarehe 8 Agosti 2008, basi lililobeba waumini Wakatoliki wenye asili ya Vietnam kutoka Houston kwenda kwenye hija mjini Carthage, Missouri, lilipasukiwa na tairi la mbele la kulia lilipofika Sherman, Texas. Likavunja ukingo wa daraja, likaanguka. Watu 17 walikufa. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya taifa ya usalama wa uchukuzi, walikuta kwamba tairi hilo lilitembea muda mrefu likiwa na upepo mdogo. Wakakuta na jambo jingine: mwendeshaji wa basi, Iguala BusMex, hakuwa na ruhusa ya kubeba abiria kati ya majimbo, na alikuwa ni Angel Tours aliyejifunika jina jipya. Angel Tours alikuwa amepigwa marufuku mwezi Juni mwaka huo huo.

Hao Wamarekani huwaita kampuni za kinyonga. Lilikuwa basi, lakini kwa malori mchezo ni uleule: kampuni inafungiwa au inalemewa na makosa, mwenyewe anaomba namba mpya kwa jina la mke au binamu, anabandika stika mpya kwenye milango ileile, na faili linaanza upya likiwa jeupe. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kati ya waombaji wapya waliokuwa na dalili za ukinyonga, asilimia 18 walihusika katika ajali mbaya, dhidi ya asilimia 6 ya waombaji wapya wengine.

Dalili huonekana ukizitafuta. Kampuni yenye miezi minne tangu isajiliwe na tayari ina malori 30. Anwani ambayo ukiitafuta mtandaoni inaleta kampuni nyingine ya malori iliyokwisha zimwa. SAFER haikuruhusu kutafuta kwa anwani wala kwa simu, lakini Wizara ya Uchukuzi imeweka orodha nzima ya kampuni kwenye hifadhi yake ya data ya wazi, na humo unaweza kuchuja kwa namba ya simu au mtaa. Ukikuta simu moja imetumiwa na kampuni tatu, na mbili kati yake zimefungiwa, hauhitaji mwanasheria kukueleza.

Wezi wa mizigo nao wana njia yao. Wanaazima jina. Wanachukua namba ya kampuni safi ya mtu mwingine, wanatengeneza barua pepe inayofanana na yake, wanachukua mzigo, na mzigo haufiki. Ukiikagua namba waliyokupa utaikuta haina doa, kwa sababu si yao. Kinga ni rahisi na watu huiruka kwa uvivu: piga simu iliyoandikwa kwenye faili la serikali, usiipige iliyo kwenye barua pepe, na uulize kama kweli wanakuja kuchukua mzigo huo. Kisha lori likifika getini, soma mlango wake. Jina au namba ikiwa tofauti na mliyokubaliana, usifungue stoo, hata dereva akisema wanashirikiana.

Anayehama nyumba akague hayo hayo, na aangalie kama kampuni imeruhusiwa kubeba vyombo vya nyumbani hasa. Ajue pia haki moja inayookoa: kama makadirio ya bei aliyopewa ni yale yasiyofunga, yaani bei ya mwisho inaweza kubadilika, kampuni haiwezi kumdai wakati wa kushusha zaidi ya asilimia 110 ya makadirio hayo. Salio lolote husubiri.

Kwa anayeshika usukani

Kampuni inapokuchunguza, nawe una haki ya kujichunguza kabla haijakufikia. Kwa dola 10 unaweza kununua rekodi yako kwenye mpango wa PSP: ajali za miaka mitano na ukaguzi wa miaka mitatu. Humo utagundua kwamba breki mbovu za kampuni ya zamani zinakufuata hadi kwenye maombi mapya, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha. Ndiyo sababu nasisitiza kuisoma rekodi ya kampuni kabla ya kusaini. Rekodi yao inageuka yako.

Jambo la lugha limekuwa zito tangu 25 Juni 2025, wakaguzi walipoanza tena kumzuia barabarani dereva asiyeweza kuongea Kiingereza cha kutosha na kusoma alama za barabarani. Kanuni yenyewe ni ya zamani. Kilichobadilika ni utekelezaji. Kampuni inayokuambia "usijali, hawaulizi" inakuweka wewe hatarini.

Ukikuta kosa ambalo si lako, au ajali iliyoandikwa vibaya, lipinge kupitia mfumo wa DataQs, na uambatanishe ushahidi: risiti ya gereji, picha, hukumu ya mahakama iliyokufutia tiketi. Na kama dispacha anakulazimisha uendeshe saa zikiwa zimekwisha, au utoke na trela lenye breki mbovu ama sivyo ukose kazi, hiyo ni shuruti, na imekatazwa kwa kanuni iliyoanza kutumika Januari 2016. Malalamiko hupokelewa kwenye tovuti ya FMCSA ya malalamiko ya watumiaji au kwa simu 1-888-368-7238. Hifadhi meseji zake, andika tarehe na saa, taja namba ya USDOT ya kampuni, na uyapeleke ndani ya siku 90 tangu tukio.